Ng'ombe wa Mama Mdogo na Bodi ya Pande Mbili

Bodi yangu ya kwanza ya pande mbili, kile kibao cha njia za umeme, niliitengenezea pale pale mezani tunapokula, na dua yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa iharibike.

Tunakaa Kabeza, hapa Kigali, karibu na njia ya uwanja wa ndege. Ndege zinapita juu yetu chini kiasi kwamba ukinyoosha mkono unampa rubani kikombe cha chai, na akirudi jioni anakurudishia kikombe. Mama yangu anakaa uani anachambua maharage, ndege inapita, sahani zinacheza kabatini, mbwa wa jirani anakimbilia chini ya gari, yeye hata kichwa hainui. Sikio lake la kushoto limekufa kabisa, limezikwa na matanga yameisha. La kulia bado linapumua, lakini lazima ulisogelee na ulipigie kelele kama unaita mtu wa mlima wa pili.

Kwa hiyo masikio yake yalikuwa mimi. Na hapo ndipo dhambi ilipoanzia.

Mama ana mdogo wake, mama yangu mdogo, ambaye alibaki Karagwe, ng'ambo ya mpaka. Sisi tulirudi Rwanda, yeye alikuwa ameshaolewa kule, akabaki na migomba yake. Kila Jumapili baada ya ibada anapiga simu. Mimi naweka simu sikioni kwangu, nasikiliza, halafu nainama nampigia Mama kelele kwenye sikio la kulia, majirani nao wanasikia bure.

Shida ni kwamba mama mdogo anatoa maneno kama dawa ya kikohozi, kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Anasema: mvua imenyesha. Maharage yametoka. Msalimie dada. Basi, anakata. Sasa wewe niambie. Mtu amengoja wiki nzima, amevaa kitenge chake kizuri kwa ajili ya simu, amekaa mkao wa kupiga picha, mimi nimwambie maharage yametoka?

Siku moja mama mdogo akasema ng'ombe wake alikata kamba akaenda mpaka kwenye uwanja wa kanisa. Hilo ni kweli, naapa. Mimi nikaongeza kidogo tu. Nikamwambia Mama kwamba ng'ombe aliingia ndani akakaa upande wa wanawake. Mama akacheka. Sijui kama unajua mama yako akicheka inakuwaje, wangu mimi anafumba macho na meno yote matatu yanatoka nje kuota jua. Jumapili iliyofuata akauliza, ng'ombe je? Nikasema ameanza kuimba kwaya, sauti ya tatu. Jumapili nyingine nikasema mchungaji amemkataza, na waumini wamegoma. Ilifika mahali yule ng'ombe ana kazi nyingi kanisani kuliko mzee wa kanisa. Mama alikuwa akicheka mpaka anamwaga maharage, na kuku wa Kabeza nzima wakajua Jumapili ni siku ya kuja kwetu.

Halafu ikafika Jumapili moja mama mdogo akaongea zaidi ya kijiko. Akasema ng'ombe amemuuza. Miguu imevimba, hawezi tena kwenda kukata majani. Akasema, "Mwambie dada aje. Mimi gari siwezi kupanda tena. Aje tuonane."

Mimi nikageuka kwa Mama. Alikuwa ameshaanza kutabasamu, kabla hata sijafungua mdomo. Akaniuliza, "Ng'ombe anasemaje leo?"

Nikamwambia amezaa. Mapacha.

Sijui nikueleze vipi. Mdomo wangu ulitangulia, mimi nikafuata nyuma. Kwenye simu nikamwambia mama mdogo kwamba dada yake anasema atakuja mvua zikipungua. Na kila Jumapili akawa anaita, na kila Jumapili mimi upande huu naleta mapacha, upande ule naleta mvua. Nilikuwa namficha mtu mgonjwa kwa ajili ya ng'ombe ambaye hayupo. Mama angeenda kule, kitu cha kwanza angeuliza, zizi liko wapi.

Sasa, mke wangu. Yeye amekulia hapa hapa Kigali, Kiswahili amejifunzia kwangu, na amekipanga anavyotaka yeye. Alikuwa amechoka kupiga kelele. Siku ya wageni, nyumba imejaa, mimi nimekunywa fanta ya machungwa tu na bado nikalewa sifa, nikasema mbele ya watu kwamba fundi kama mimi naweza kuwekea masikio hata ukuta. Wageni walipoondoka, mke wangu akaniambia, "Wewe unatengeneza redio ya watu yote. Mabukwe iko hasikii. Anza na yeye, ukuta itangoja." Mabukwe ndiyo mama mkwe kwetu. Na mke wangu akishasema ukuta itangoja, ukuta unangoja.

Nikaanza. Mashine yenyewe si ya ajabu: kimaiki kinaokota sauti, bodi inaikuza, hedifoni inaimwaga sikioni. Ya kwanza niliitengeneza kwa bodi ya upande mmoja, na vitu vyote vikijipanga upande mmoja vinataka nafasi kama wageni wa harusi. Ikatoka kubwa kama mkate. Mama akaipima kwa mkono, akauliza, "Hili jeneza ni la sungura?" Alitaka kitu cha kukaa kwenye mfuko wa gauni. Ndipo fundi mwenzangu akanitumia kwenye simu mchoro wa bodi ya pande mbili, njia za umeme zinapita juu na nyingine zinapita chini, kitu kizima kinaingia kwenye kopo la mafuta ya kujipaka.

Mimi shule niliiona kwa mbali, kama unavyoona mlima Karisimbi siku isiyo na mawingu, lakini kazi hii mikono yangu inaijua. Unachapisha mchoro kwenye karatasi ya kung'aa, ile ya magazeti ya picha, kwa printa ya wino wa unga. Unaweka karatasi juu ya kibao chenye shaba, unapiga pasi mpaka wino unahamia kwenye shaba. Unakitumbukiza kwenye asidi, asidi inakula shaba yote isipokuwa ile iliyofunikwa na wino. Hapo una njia zako. Kwa pande mbili kuna mtego mmoja: karatasi ikilala juu ya shaba, mchoro unageuka kama mtu kwenye kioo. Kwa hiyo upande wa juu lazima uchapishwe umegeuka, herufi zisome kinyume, ndipo zikihamia zinakaa sawa na zinakutana na upande wa chini.

Nikaenda papeteri, duka la karatasi la hapo njia panda, kwa yule dada anayechapishia watu barua. Nikamwambia achapishe kama ilivyo. Akaniletea karatasi mbili safi, amefurahi. Akasema, "Muzehe, ile moja maandishi yake yalikuwa yamegeuka. Nimekunyooshea."

Nilimshukuru. Na hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, kwa sababu mke wangu mpaka leo anasema yule dada aliniharibia bodi. Niliona. Nilikuwa bado sijavuka mlango, nikatazama karatasi, herufi zimenyooka kama askari, nikajua kwamba juu na chini haziwezi kukutana hata ziwekewe mshenga. Ningemwambia tu, dada, nigeuzie tena. Badala yake nikaikunja, nikaenda nyumbani, nikachukua pasi ya mke wangu na nikapiga pasi kwa bidii kuliko mtu anayejiandaa kuoa. Nikaosha, nikachovya kwenye asidi, nikatoboa. Mashimo ya juu yakatokea chini mahali pasipo na kitu. Nikapaza sauti ya huzuni. Moyoni nilikuwa kama mtoto aliyeambiwa leo hakuna shule.

Mama akanipiga piga mgongoni. Akasema, "Pole, mwanangu. Usijichoshe kwa ajili yangu. Si nina wewe?"

Afadhali angenipiga na mwiko.

Mke wangu hakusema pole. Alikwenda mwenyewe papeteri, akarudi na karatasi iliyogeuka. Na tangu siku hiyo akawa mwenzangu wa kazi, na kusema kweli sijawahi kufanya kazi na fundi kama yule. Karatasi mbili alizishika kwenye kioo cha dirisha, akazisogeza mpaka mwanga ukapita kwenye mashimo ya zote mbili pamoja, akazishona kwa pini zake za nguo kama bahasha, bodi ikaingia katikati. Tukapiga pasi upande huu, tukapindua, upande ule. Asidi tuliitikisa kwa zamu kwenye beseni, ile rangi ya chai iliyochacha, na tone moja likaniangukia kwenye suruali ya kanisani. Akasema, "Sasa iko ramani ya Afrika. Utavaa hivyo hivyo." Shaba ikayeyuka pole pole kama sukari, njia zikabaki, nyembamba, nzuri, unaweza kulia. Kila shimo la kuunganisha juu na chini nilipitisha kipande cha waya, nikayeyushia risasi pande zote mbili, ile risasi ya kuchomea redio, ili umeme upite.

Nikiwa nachomea nilikuwa nawaza, hii bodi ni nyumba yetu. Upande mmoja Mama, upande mwingine mama mdogo, na kati yao shimo moja, na shimo lenyewe ni mimi, na nimeziba.

Ikabaki waya ya hedifoni. Mchoro ulikuwa na njia mbili, moja ya sikio la kushoto imeandikwa L, moja ya kulia imeandikwa R, kwa Kizungu. Mimi nilijenga njia moja tu. Sikio la kushoto limekufa, kwa nini nilipikie? Herufi zenyewe zilikuwa ndogo kama mayai ya sisimizi na miwani yangu ilikuwa imekaliwa na mtu ambaye sitamtaja kwa sababu nimemuoa. Nikamwomba anisomee, tundu lipi ni la kulia.

Sasa wewe kama umewahi kukaa Kigali unajua. Kinywani mwetu L na R ni ndugu wa tumbo moja, wanavaliana nguo. Mtu anakuambia anakwenda kurara, anakula wari, na ameshiba vizuri tu. Mke wangu akainamia bodi na tochi, akaweka kidole, akasema, "Hii hapa iko eri."

Nikamuuliza, eli ama eri?

Akasema, "Eri. Nimekuambia eri."

Ningeweza kumwambia, nionyeshe mkono, huu ama huu. Mtoto wa miaka mitatu angewaza hivyo. Sikumwambia. Niliipa ile herufi nafasi ya kukosea. Nikachomea waya, nikafunga kopo.

Jumamosi, tukamkalisha Mama uani. Kopo mfukoni, hedifoni kichwani, juu ya kilemba, amekaa kama rubani mwenyewe. Nikasema, "Mama, unanisikia?" Akanitazama mdomo. Nikasema tena. Akatikisa kichwa taratibu, akanitolea tabasamu la kunifariji.  Nami nikajisikia mwepesi, nikaingia ndani nikala sahani ya viazi na nikaongeza, na kila kiazi kilikuwa kinapita kooni kikiniita mwongo kwa jina.

Nilipotoka, mke wangu alikuwa amevaa ile hedifoni yeye. Amefumba macho. Akagusa sikio lake moja, akagusa la pili.  Akaivua, akaigeuza mbele nyuma, akamvalisha Mama. Basi. Kilichokuwa kushoto kikaenda kulia. Mimi nimehangaika na pasi, asidi, kioo na pini, yeye amegeuza tu.

Na wakati huo huo ndege ikaja. Ile kubwa ya jioni. Mama aliruka kwenye kiti, akashika kichwa kwa mikono miwili, maharage yakaenda kila upande. Ilipopita akatazama juu muda mrefu, halafu akanitazama mimi. "Huwa zinapita chini hivi?"

"Kila siku, Mama."

"Na mnalala?" Akaanza kucheka. Akasikia kicheko chake, akanyamaza, akacheka tena kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu viatu. Akaomba mke wangu aseme kitu, mke wangu akasema, "Mabukwe, niko naongea." Mama akamwambia, "Kumbe una sauti nzuri. Miaka yote nilidhani unafoka." Wale wawili wakashikana mikono. Na mimi nimesimama mlangoni na sahani, natamani asidi ingekuwa nyingi nijitumbukize mzima.

Kwa sababu kesho yake ilikuwa Jumapili.

Niliomba mtandao ukatike. Niliomba simu ya mama mdogo ianguke kisimani, taratibu, bila kumuumiza mtu. Hata nikafikiria kumwambia Mama mwenyewe asubuhi, tukiwa tunakunywa uji, nikafungua mdomo, ikatoka habari ya bei ya sukari. Simu ikalia kama kawaida. Mama akanyoosha mkono. Nikaweka simu karibu na kopo, sauti juu, nikakaa.

Mama akasema, "Leo ni mimi mwenyewe. Nasikia."

 Halafu ikatoka sauti ya mama mdogo, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Dada?"

"Ni mimi. Niambie, ng'ombe na mapacha wake wazima?"

"Ng'ombe gani, dada? Ng'ombe si nilimuuza. Nilimwambia mtoto akuambie."

Mama hakugeuka. Nilikuwa namtazama shingo tu, ule mshipa wa shingo. Akauliza pole pole, "Kanisani hakuwahi kuingia?"

"Nani aingie?"

"Basi, acha."

Mama mdogo akasema, "Dada, mimi nakuita kila Jumapili. Unaniambia mvua, mvua. Huku jua limekausha mpaka migomba. Nikasema moyoni, labda amenichoka."

Hapo Mama akageuka. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma herufi ndogo, anataka kuhakikisha ni eli ama eri. Nilijua sasa atanitaja, na nilitaka anitaje, nilikuwa nimeshainamisha kichwa kupokea.

Akasema kwenye simu, "Nilikuwa sisikii, mdogo wangu. Ni hili sikio. Nakuja."

Akalisingizia sikio. Sikio la kulia, lile zima, lililonivumilia nikilipigia kelele miaka yote, ndilo likabeba mzigo wangu.

Simu ilipokatika alivua hedifoni akaiweka mapajani. Akaokota punje ya maharage, akaitazama, akaitupa kwenye ungo. "Mapacha," akasema. "Na mimi niliwaombea."

Nikaanza kuongea haraka haraka. Nikasema bodi ina kosa, waya umekaa upande wa L, nipe nikurekebishie, ni kazi ndogo, dakika tu. Nilitaka mikono yangu iwe na kitu cha kufanya. Akalifunika kopo kwa kiganja.

"Iache hivyo hivyo. Nikitaka kusikia nitageuza. Nisipotaka, naivaa sawa." Halafu akasema, "Utanipeleka wewe. Na kwenye gari utakaa kushoto kwangu."

Mke wangu alifunga mzigo: sukari, kitenge, dawa ya kuchua miguu. Asubuhi tukapanda gari kituo cha Nyabugogo, la kwenda Rusumo mpakani. Mama dirishani, mimi kushoto kwake kama nilivyoamriwa, na hedifoni ameivaa sawa, yaani kwake ni kama imezimwa. Abiria wa mbele alimgeukia mara mbili mbili, akamsifu kwa mwenzake kwamba tazama bibi anavyopenda muziki. Mama anatazama nje, vilima vinapita, mimi nimekaa upande wa maiti.

Mtu kama mimi kunyamaza safari nzima ni kama kumfunga mbuzi mdomo shambani. Kabla ya mji wa Kayonza nikavumilia. Baada ya Kayonza nikasema, basi, sikio hili si limekufa, haliwezi kunishtaki. Nikainama, nikaliambia. Nikaliambia habari za ng'ombe, za kweli na nilizoongeza. Nikaliambia miguu ilivimba lini na nilijibu nini. Nikaliambia habari ya papeteri, kwamba niliona herufi zimenyooka. Kwamba bodi ilipoharibika nilifurahi. Kwamba alinipa pole na nikaipokea. Nikasema, Mama, nisamehe. Sikupiga kelele, nilisema kwa sauti ya kawaida tu, ambayo sijawahi kumsemesha nayo tangu masikio yaanze kuharibika.

Labda aliona mdomo wangu kwenye kioo cha dirisha. Labda pumzi yangu ilimchoma shingoni. Akainua mikono, akashika hedifoni, akaigeuza mbele nyuma, akaikandamiza vizuri kwenye sikio la kulia. Akanigeukia uso mzima.

"Rudia," akasema. "Na usiongeze kitu."